Ushindi wa Pointi Moja Wapelekwa Kliniki

Ijumaa, tarehe 28 Februari. Asubuhi ya leo Njombe imeamka na ukungu mzito, manyunyu yasiyoonekana lakini yanalowesha, na baridi ile inayofanya maji ya bomba yaume vidole.

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto. Kabla sijaieleza lazima niseme mambo mawili yaliyotokea nikiwa macho.

La kwanza. Mimi ni mfuaji wa shuka katika nyumba ya wageni. Nina miaka hamsini na miwili, na jioni nasoma masomo ya sekondari katika chuo cha ufundi kilicho juu ya mtaa wetu. Masomo mengine nayamudu. Hesabu hapana. Kwa miaka minne, kila Februari, Mwalimu Msigwa amekuwa akipitisha darasani orodha ya wanaojiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne, na kila mwaka nimeipokea kwa mkono wa kulia na kumpa jirani yangu kwa mkono wa kushoto.

La pili. Chuo hicho kina timu ya mpira wa kikapu inayoitwa Randa, kwa sababu wachezaji wengi wanasomea useremala. Uwanja wao uko nje ya dirisha la darasa letu. Nilianza kuwatazama ili nisitazame ubao, na hivyo ndivyo nilivyopata kuwa shabiki. Kwa misimu mitatu Randa hawakushinda mchezo hata mmoja. Sisi mashabiki tuko kumi na mmoja na tuna daftari letu. Baada ya kila mchezo matokeo huandikwa humo na kila mmoja wetu hutia sahihi. Ikikosekana sahihi moja, kwetu sisi mchezo huo haukuchezwa. Utaratibu huu aliuweka kiongozi wetu Mzee Kitalula, dereva mstaafu wa lori la chuo. Alisema timu inayofungwa kila wiki inahitaji mashahidi.

Mwezi wa Novemba Randa walifungwa 63 kwa 18. Siku hiyo nilikuwa nimefua tangu alfajiri, na hesabu za pembetatu zilikuwa zimenishinda tena. Nilisimama mbele ya mashabiki wote nikasema, "Namwekea Mungu nadhiri. Siku Randa watakaposhinda, nitajiandikisha mtihani na hesabu yake."

Dada Yusta, anayepika chai kantini, alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi mama umejistaafisha!"

Nami nilicheka. Nilisema vile kama mtu anayesukuma komeo la mlango apate kulala. Lakini nadhiri ni nadhiri, na sidhani kama Mungu alicheka.

Jumamosi iliyopita Randa walishinda. Walipata 41 kwa 40 dhidi ya Sindano, timu ya chuo cha uuguzi, ambao nusu ya wachezaji wao walikuwa zamu wodini. Zikiwa zimebaki sekunde mbili, nahodha wetu Gaudensi alipiga chafya katikati ya uwanja na mpira ukamtoka. Uligonga ubao, ukazunguka juu ya ringi mara tatu, ukaingia.

Mashabiki kumi walitia sahihi palepale. Mimi sikutia. Nilisema huo haukuwa ushindi, ilikuwa mafua. Tumebishana wiki nzima, na jana tukakubaliana tukutane leo saa moja asubuhi uwanjani niseme neno la mwisho. Leo pia ndiyo siku ya mwisho ya orodha ya Mwalimu Msigwa.

Jana usiku niliosha miguu kwa sabuni na kuisugua kwa jiwe, kwa sababu ya matope. Nikasali kwa kifupi, maana macho yalikuwa yameanza kufumba katikati ya Baba Yetu. Nikalala.

Niko darasani. Mwalimu Msigwa anaandika ubaoni, na ubao una ringi. Hainishangazi. Nafikiri tu kwamba mafundi hatimaye wamefanya kazi.

"Fungueni ukurasa wa uwanja," anasema Mwalimu.

Tunafungua. Sakafu inakuwa saruji na paa halipo tena. Wanafunzi wenzangu wamekuwa mashabiki wa Randa, na kila mmoja anatembea huku akidunda kitu. Yusta anadunda birika la chai. Chai haimwagiki.

"Mama Tulizo, dunda," ananiambia bila kunitazama. "Hapa hatutembei hivi hivi."

"Nidunde nini?"

"Ulichoshika, mama. Usinichekeshe, nina chai ya moto."

Nimeshika daftari la hesabu. Nalipiga chini nalo linarudi mkononi, limefunguka ukurasa uleule wa pembetatu. Natembea nalo hivyo. Bega linaniuma mahali palepale panaponiuma nikikamua shuka.

Mzee Kitalula amechelewa, anakuja mikono mitupu. Anapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Filimbi inalia. Filimbi yenyewe ina urefu wa mlango, imevaa suti ya kijivu na koti la mvua, na inaonekana haijapumzika tangu msimu uanze.

"Hatua tatu bila kudunda," inasema. "Zirudishe."

"Mkuu, mimi nina miaka sabini na mmoja."

"Sikuuliza miaka. Hatua."

Mzee Kitalula anainama, anaokota hatua zake tatu kutoka kwenye saruji, anazipangusa maji na kuzikabidhi. Filimbi inazikunja na kuzitia mfukoni. Mzee anabaki amesimama palepale.

"Si vibaya," ananinong'oneza. "Nilikuwa natafuta sababu ya kusimama."

Hapo anatokea muuguzi. Amevaa gauni jeupe na juu yake jezi ya Sindano, namba tisa. Ameshika kadi za kliniki, na anaita kama wanavyoita siku ya kupima watoto.

"Ushindi wa Jumamosi! Yuko wapi Ushindi wa Jumamosi? Msinicheleweshe, nina foleni."

Gaudensi anapita katikati ya watu akiwa ameubeba. Umefungwa kwenye shuka, na shuka naijua. Ina doa la chai pembeni ambalo nimelisugua miezi miwili bila mafanikio. Anaufunua. Ushindi wetu ni mdogo kuliko nilivyoudhania. Una rangi ya mpira na mistari myeusi, na unapumua kwa tabu.

Mizani inaning'inia kwenye ringi, mizani ileile ya kliniki yenye kaptula ya kitambaa. Wanauvalisha Ushindi kaptula na kuuachia.

"Taratibu," inasema ringi. "Jumamosi mlinigonga vya kutosha."

Mshale wa mizani haujitikisi. Sote tunanyoosha shingo. Kisha unasogea kidogo na kusimama.

"Pointi moja," anasema muuguzi, na anaandika kwenye kadi. "Uko chini ya mstari. Mnaulisha nini huu?"

Tunatazamana.

"Tunaulisha maneno," anajibu Yusta. "Wiki nzima."

"Ndiyo maana. Hawa wa pointi moja mara nyingi hawafiki mchezo unaofuata. Kuna anayejua kama una maisha mbele? Semeni haraka, kila mtu ana sekunde ishirini na nne, kama timu iliyoshika mpira."

Mzee Kitalula anaanza, akiwa amesimama pale alipoachwa. "Misimu mitatu nimeandika 'tumefungwa' kwa mkono wangu huu, mpaka mkono umekariri. Jumamosi nilipoandika 'tumeshinda' nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena polepole kama mtu wa darasa la kwanza. Nikajiambia, kumbe bado naweza kujifunza neno. Sasa mimi nasema..."

Birika la Yusta linapiga mluzi. Sekunde zimekwisha, na anachosema mzee hakitajulikana.

"Mimi naupenda," anasema Yusta, "lakini tusidanganyane. Juni watatu wanamaliza chuo, na Gaudensi ni mmoja wao. Michezo sita imebaki. Nani atatupigia chafya?"

"Mafua bado ninayo," anasema Gaudensi kwa upole.

"Mwanangu, mafua siyo mazoezi."

"Najua, dada. Lakini kila siku mpaka jua linazama narusha ule mpira kutoka pale pale katikati. Mara moja kati ya arobaini unaingia. Jumamosi ilikuwa ya arobaini. Chafya ilinikuta tayari nimekunja mkono."

Hili sikulijua. Nalidunda daftari langu.

Birika linapiga mluzi. Muuguzi anafunga kadi. "Hayo mengine mtaongea nyumbani. Mama yake ni nani? Siwezi kuukabidhi kwa mtu yeyote tu."

Mashabiki wote wananigeukia, hata Mzee Kitalula ambaye hana hatua. Anageuza shingo tu.

"Si wangu," nasema.

"Ni wewe uliyeuombea," anasema Yusta. "Novemba. Tukiwa wote hapa."

"Nilikuwa nimechoka."

"Na mtoto huombwa na nani, mama, na waliopumzika?"

Filimbi inakohoa. Inatoa mfukoni daftari la mashabiki, lakini ndani yake mna maisha yangu. Inasoma kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa.

"Damari Ngimbudzi. Mwaka wa kwanza hakujiandikisha, alisema malaria. Faulo. Mwaka wa pili alisema shuka za wageni wa mkutano. Faulo. Mwaka wa tatu alisema miwani. Faulo. Mwaka wa nne hakusema chochote, alipitisha tu karatasi." Inanitazama. "Hiyo niliipiga kwa nguvu. Faulo nne."

"Ya tano ikoje?"

"Ya tano unatoka."

Inanyoosha kidole. Kwenye uzio wa uwanja pana mlango ambao haujawahi kuwepo, na uko wazi. Nje kuna kamba za kuanikia, moja nyuma ya nyingine, zinapanda kilima na kushuka kilima kingine, zote zina shuka, na hakuna mtu. Naona beseni langu. Naona kigoda changu. Kumepangwa vizuri kabisa. Ningeweza kwenda kukaa pale mpaka mwisho wa siku zangu, na hakuna ambaye angeniuliza habari ya pembetatu.

Nakiri kwamba palinivuta.

Naenda chini ya ringi kupiga magoti.

"Kwa sheria ya kikapu hapa hapakaliwi zaidi ya sekunde tatu," inasema ringi. "Sikatazi sala. Ila iwe ya sekunde tatu."

Nimezoea sala ndefu. Kwenye jumuiya yetu wananipa nafasi ya mwisho kwa sababu wanajua chai itapoa. Nafumba macho, natafuta pa kuanzia, nakuta maneno yote niliyozoea ni marefu mno. Nasema, "Baba, nimechoka. Nisaidie."

"Mbili na nusu," inasema ringi. "Imefika."

"Umejuaje?"

"Vitu vinavyopita kwangu navijua."

Nainuka. Kwa kuwa tunazungumza, naiuliza lile swali lililoniweka macho wiki nzima. "Jumamosi, ulituonea huruma? Ulikuwa muujiza au bahati?"

Ringi inafikiri. Matone yanadondoka kutoka kwenye wavu wake. "Mama, mimi ni chuma. Kwa misimu mitatu watoto wenu wamenigonga kichwani mara elfu mbili na zaidi. Jumamosi ule wa mwisho ulipita. Mnauliza habari za ule mmoja tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kuhusu zile elfu mbili, kwa nini waliendelea kurusha."

Muuguzi ananiwekea Ushindi mikononi. Ni wa moto, kama mtoto aliyeamka. Kwa mkono mmoja nimeushika, kwa mkono mwingine nadunda daftari, na sijui nimefikaje, lakini niko katikati ya uwanja mbele ya mstari wa chokaa.

"Fanya haraka," unasema mstari. Sauti yake ni ya mtu aliyelala vibaya. "Mzee Kitalula alinichora Jumamosi asubuhi. Nimenyeshewa tangu Jumapili. Sipo hapa kwa kweli, nimebaki kwa ajili yako."

"Nikikuvuka nitaweza kurudi?"

"Sheria unaijua, umeitazama dirishani miaka minne. Ukishanivuka na mpira, hurudi nao nyuma."

"Na nikifeli je?"

"Kufeli kuko pande zote mbili," unasema mstari. "Upande huu unafeli bila kurusha. Upande ule kuna ringi."

Nyuma yangu mlango wa uzio bado uko wazi na shuka zinapepea bila upepo. Filimbi inapandisha pumzi kifuani. Mzee Kitalula ananiashiria kwa kichwa. Yusta ameacha kudunda birika, na wote kumi wamesimama kama siku ile mpira ulipokuwa unazunguka juu ya ringi.

"Mama Tulizo," anasema Gaudensi, "mkono ukishaukunja, chafya itakujia yenyewe."

Miguu yangu ni mizito. Siyo woga tu, ni uzito wa miaka. Nainua mguu wa kulia kama ninavyoinua ndoo, siku zile ninapoinua ndoo kwa sababu tu haitajiinua. Nauweka ng'ambo ya mstari. Kisigino kinagusa chokaa. Ni baridi, laini kama unga.

"Ahsante," unasema mstari. "Sasa nikalale." Unayeyuka.

Filimbi inalia. Inalia kwa muda mrefu, inageuka kuwa kengele ya kanisa, na mimi niko kitandani kwangu, saa kumi na mbili kamili, bega la kulia linaniuma.

Nilikaa kitandani kwanza. Nikajiambia ndoto ni ndoto, ni kwa sababu nililala na njaa. Nikatoa miguu kwenye blanketi nivae kandambili.

Kwenye kisigino cha mguu wa kulia palikuwa na alama nyeupe, nyembamba, iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Niliigusa. Ilinibakia kidoleni kama unga. Nikanusa. Chokaa. Mguu wa kushoto ulikuwa safi kama nilivyouosha.

Sikuosha mguu. Nilivaa viatu, nikajifunga kitenge cha pili juu ya koti, nikapanda mlima.

Walikuwa wameshafika, wote kumi, wamesimama na ukungu hadi magotini. Yusta amekuja na birika. Mzee Kitalula amelifunika daftari letu kwa mfuko wa nailoni. Gaudensi alikuwa upande wa pili, peke yake, anarusha mpira kutoka katikati. Ukagonga chuma, ukarudi. Akaurusha tena.

Uwanja ulikuwa saruji tupu. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Mzee," nikasema, "umechora mistari lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi, mama. Mvua imeifuta Jumapili ileile. Mfuko wa chokaa umefungiwa stoo, ufunguo huu hapa shingoni. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mama Tulizo, baridi hii," akasema Yusta. "Sema neno tukanywe chai. Ulikuwa ushindi au yalikuwa mafua?"

"Gaudensi!" nikaita. "Tangu lini unarusha kutoka hapo katikati?"

Alishika mpira akanitazama kama mtu aliyekamatwa. "Tangu mwaka juzi, mama. Kila siku. Huwa unaniona dirishani, si ndiyo?"

Nilikuwa namwona. Miaka yote hiyo nilikuwa namwona, na nilichokuwa nahesabu ni zile zinazokosa.

Nikamwomba Mzee Kitalula daftari. Nikaangalia pale alipoandika "tumeshinda", na kweli palikuwa na neno lililofutwa, na juu yake limeandikwa tena polepole, herufi kubwa kubwa. Nikatia sahihi yangu chini ya zile kumi. Yusta akapiga kigelegele kikaishia kwenye kikohozi. Mwalimu Msigwa alikuwa anapita kwenda ofisini na mwavuli wake, akasimama kutazama kuna nini, na chini ya kwapa alikuwa na ile karatasi.

Nikasimama palipokuwa na mstari, kisigino changu kikiwa ndani ya kiatu na chokaa yake. Nikapaza sauti ili hata mlinzi wa getini asikie.

"Mimi Damari Ngimbudzi, mama yake Tulizo, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, na wewe Mwalimu. Leo, kabla sijashika shuka hata moja, jina langu litakuwa kwenye hiyo orodha. Na siku ya karatasi ya hesabu nitaingia kwenye chumba cha mtihani, nitakaa humo mpaka kengele ya mwisho, na nitajibu kila swali, hata lile nisilolijua. Nikifeli, nitafeli nikiwa ndani."